Kiangazi Nilichoilaza Bustani

Nyanya zangu zilikufa zikiwa za kijani. Nasema hivyo kwa sababu mtu akisikia ugonjwa wa nyanya anafikiria majani ya njano, madoa, wadudu. Zangu hazikuonyesha kitu. Asubuhi zilikuwa zimesimama vizuri, mchana zikainama, jioni zikainuka kidogo, na baada ya siku chache hazikuinuka tena. Nikaongeza maji. Nilizaliwa Mbulu, kule juu kwenye baridi, kwa watu wasioamini kwamba kuna tatizo la shamba lisilotibika kwa maji, samadi au kuacha uvivu. Maji nilimwaga, samadi niliweka, na mvivu sijawahi kuitwa. Nyanya zikaendelea kufa.

Nilikuwa nimeolewa Gendabi miaka mingi, watoto wameshakuwa wakubwa na wameondoka, na kazi yangu ilikuwa bustani ile moja iliyo kando ya kijito. Nyanya, vitunguu, sukuma wiki, hoho kidogo. Sehemu nilipeleka sokoni Katesh, nyingine watu walikuja kununua wenyewe nyumbani. Kila asubuhi na kila jioni, kiangazi chote, nilichota maji kijitoni kwa ndoo na kumwagilia tuta kwa tuta. Bega langu la kulia lilikuwa limeshazoea kuuma, na mimi nilishazoea kutolisikiliza.

Nilipoona matuta mawili yamekwisha na la tatu linaanza, nikampigia simu bwana shamba wa kata. Alikuja na pikipiki yake, kijana mpole, akanisalimia, "Shikamoo mama," hata kabla hajavua kofia. Hakusema mengi. Aling'oa mche mmoja ulionyauka, akakata shina lake kwa kisu, akaniomba glasi ya maji safi. Akakishika kile kipande ndani ya maji bila kukitikisa. Tukasubiri. Kidogo kidogo ukaanza kushuka uzi mweupe kutoka kwenye shina, mwembamba, kama maziwa yanayodondoka ndani ya maji.

"Mnyauko, mama," akasema. "Uko ndani ya udongo. Hakuna dawa ya kupulizia."

"Sasa nifanyeje?"

"Ipumzishe. Kiangazi hiki usipande kitu. Acha udongo ukae wenyewe."

Nilicheka. Sikucheka kwa furaha. Kiangazi ndipo mboga zina bei, na mtu anakuja na pikipiki kuniambia nikae. Nikamuuliza kama siwezi kupumzisha nusu. Akasema maji ya kumwagilia yanahamisha ugonjwa kutoka tuta hadi tuta, na jembe linauhamisha, na hata miguu yangu inauhamisha. Kama ni kupumzisha, nipumzishe yote.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo mtu atashangaa nilichokuwa nakiogopa. Kwa watu wa mume wangu, mashamba ya mahindi ni ya wanaume, yanajulikana mipaka na yanarithiwa. Bustani za kijitoni ni za wanawake. Hakuna karatasi, hakuna mgawanyo wa kikao. Mama mkwe humpa mkwe anayemwona anafaa, na bustani ni ya aliyepewa kadiri jembe lake linavyoonekana pale. Jembe likitoka msimu mzima, mwanamke mwingine wa nyumba ile anaweza kwenda kwa mama mkwe kuiomba, na hatakuwa amemkosea mtu adabu. Nimewaona wanawake waliokwenda kujifungua kwa mama zao wakakaa sana, wakarudi wakakuta vitunguu vya mtu mwingine. Hawakugombana na mtu. Walitafuta pengine pa kulima, na pengine hapakuwepo.

Na kwetu kulikuwa na mtu wa kuomba. Mdogo wake mume wangu alikuwa ameoa karibuni, na mke wake, binti mchapakazi kweli, alikuwa amepewa kipande cha juu, chenye mawe, mbali na maji. Alikuwa anapita kwenye bustani yangu kila siku akienda kuchota, na nilikuwa namwona anavyoiangalia. Mimi ningekuwa yeye ningeiangalia hivyohivyo, lakini haikunisaidia kumpenda.

Mume wangu nilipomwambia alisema hayo ni mambo yenu wanawake, akaendelea kuchonga mpini. Kwa hiyo nikaenda kwa mama mkwe. Nilimkuta jikoni kwake. Nikamweleza kuhusu glasi, uzi mweupe, na maneno ya bwana shamba. Nikamwambia nataka kuilaza bustani kiangazi hiki. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachochea moto. Kisha akasema, "Haya."

Basi. Haya. Mama mkwe wangu si mtu wa maneno mengi, lakini haya yake ina aina nyingi, na ile sikuijua. Nilirudi nyumbani nikiigeuza kichwani. Usiku nilimwambia mume wangu, "Mama amesema haya." Akasema, "Si amekubali?" Wanaume ni watu wa ajabu.

Nikaacha. Siku ya kwanza niliamka saa ileile, nikavaa makubazi, nikashika ndoo, ndipo nikakumbuka. Nikairudisha ndoo. Nikachemsha chai, nikakaa nje kwenye kigoda, nikainywa ikiwa moto. Nilikuwa sijanywa chai ya moto asubuhi tangu sikumbuki lini. Kila mara niliiacha mezani nikaja kuinywa imepoa, na nilishajiambia kwamba chai iliyopoa ndiyo naipenda. Uongo mtupu. Nilikunywa vikombe viwili nikitazama mlima Hanang ukivua mawingu yake, na nilijisikia kama mtu aliyetoroka shule.

Baada ya muda bega likaacha kuuma. Halikuacha mara moja, lilipunguza tu siku hadi siku, mpaka asubuhi moja nikanyoosha mkono kushusha sufuria juu ya kabati na hakikutokea kitu. Nikashusha sufuria nyingine nisiyoihitaji, kwa raha tu.

Nikaenda Mbulu kumwona mama yangu. Kwa kawaida nilikuwa nakwenda kwake asubuhi na kurudi kesho yake, moyo ukiwa kwenye matuta. Safari hii nikakaa. Siku zilipozidi akaanza kuniangalia vibaya. Tulikuwa tunamenya viazi, baridi imetukaba, akaniuliza bila kuinua macho, "Umefukuzwa?"

"Hapana mama. Bustani imepumzika."

"Inapumzikaje? Imekuomba ruhusa?"

Kule kwetu ardhi ni ndogo na watu ni wengi, na hata ukingo wa njia hupandwa maharage. Kumweleza mama yangu kwamba nimeacha ardhi nzuri yenye maji bila kitu, kwa hiari yangu, ilikuwa kama kumweleza kwamba nimeacha kula. Alinipa viazi vingi vya kurudi navyo, nahisi kwa huruma. Lakini nililala vizuri kwenye nyumba ile, na niliporudi nilikuwa nimenenepa kidogo.

Bustani nayo ilikuwa imeanza kuota nyasi. Hilo ndilo lililonitesa. Iko kando ya njia ya kwenda kanisani, na Jumapili watu wote walipita pale wamevaa vizuri, wakageuza shingo. Hakuna aliyesema kitu kibaya. Walisema, "Pole," nikajibu, "Asante," kama vile nimefiwa. Na mke wa shemeji yangu akanisimamisha siku moja akiwa na ndoo kichwani.

"Dada, hii umeiacha?"

"Imelala," nikamjibu, kwa sauti niliyoisikia mwenyewe kwamba si nzuri.

"Itaamka lini?"

Hakuwa na ubaya, au kama alikuwa nao aliuficha vizuri. Nikamwambia itaamka ikishiba usingizi. Akaondoka zake taratibu, na maji yake hayakumwagika hata tone. Nilikaa na hasira siku nzima.

Aliyenituliza alikuwa jirani yetu, mama wa familia ya wafugaji ambao boma lao liko ng'ambo ya kijito. Sisi na wao tunasaidiana tangu zamani. Tukishavuna, ng'ombe wao wanaingia kula mabua, nasi tunabaki na samadi. Huwa kwenye mashamba ya mahindi, si kwenye bustani, maana bustani haikai wazi. Yeye alipoiona imeota nyasi alisimama akaitazama kwa furaha kabisa.

"Nzuri," akasema.

"Nzuri nini, mama? Watu wanasema nimeitupa."

"Ina nyasi," akasema. "Wewe unaona ardhi imeota nyasi, unasema imetupwa. Mimi naona chakula." Kisha akaniomba aingize ndama wake, maana kiangazi kile kilikuwa kikali na upande wao palikuwa pakavu.

Nilimkubalia. Ndama walikula nyasi, wakalala pale mchana, wakaacha walichoacha. Nilikuwa nakwenda kuwatazama jioni. Ilinipa nguvu, kwamba kuna watu wanaopita kwenye kitu kilekile ninachokionea aibu na kukiona kizuri. Nilianza kufikiri kwamba bwana shamba alikuwa na akili, na kwamba mimi pia nilikuwa na akili kwa kumsikiliza.

Ndama walipoondoka, upande wa chini, ule ambao kijito huulowesha hata wakati wa jua kali, mnavu ukaota.

Sikupanda. Nataka hilo lieleweke. Hakuna mtu kwetu anayepanda mnavu. Mnavu unaota wenyewe penye samadi, nyuma ya zizi, kwenye shamba lililovunwa, na ukiota ni wa kuchuma. Ulikuwa mweusi kwa uzuri, majani laini, na kiangazi kile mboga za majani zilikuwa zimeadimika kila mahali. Nilichuma wa kwanza nikaupika na karanga. Tulikula na ugali na samaki aliyetoka Basotu, na mume wangu, ambaye hasifu chakula, akaomba tena.

Kisha nikafanya jambo ambalo lilinifurahisha sana wakati ule. Nilisema mtu yeyote aje achume. Watu wa kanisani wakaja, jirani mfugaji akaja, mke wa shemeji yangu akaja na beseni. Mama mkwe akaletewa lake kila mara. Nilikuwa naona nimewashinda wote. Bustani yangu imelala na bado inalisha kijiji. Nani sasa atasema imeachwa? Nilikuwa nasimama pale, mikono kiunoni, nawaelekeza wapi majani ni machanga.

Mvua zilipokaribia nikampigia tena bwana shamba. Mbegu za nyanya nilikuwa nimeshanunua. Nilimwandalia chai na mayai. Alikuja, akanywa chai, tukashuka bustanini, nami nikamwonyesha udongo ulivyokuwa mweusi na laini. Alitabasamu mpaka tulipofika upande wa chini, tabasamu likaisha.

"Mama, mnavu huu?"

"Umeota wenyewe," nikasema kwa majivuno. "Sijapanda hata mbegu."

Akachuchumaa. Akaushika mche mmoja, akalifungua ua lake dogo jeupe kwa kucha, akaniita niangalie. Kisha akachuma kitunda cheusi, akakipasua, akanionyesha mbegu zilivyo ndani. Hakuwa na haja ya kusema. Nimepasua nyanya maisha yangu yote.

"Ni ndugu," akasema kwa upole. "Mnavu na nyanya na bilinganya na hoho na viazi mviringo. Ugonjwa ni mmoja. Nilipokuambia usipande kitu, ilikuwa nikuambie na hiki uking'oe. Sikufikiria."

Wala mimi sikufikiria. Unaniambia nisipande, siwezi kupanda. Lakini kitu kilichoota chenyewe, cha bure, chakula, mtu ataking'oa kwa sababu gani? Hakuna mwanamke Hanang nzima ambaye angeung'oa. Tulirudi nyumbani, akaomba glasi. Akakata shina la mnavu, akaliweka ndani ya maji. Nilikuwa naomba moyoni maji yabaki safi. Uzi mweupe ukashuka, mwembamba kuliko ule wa kwanza, lakini ukashuka.

"Umepungua," akasema. "Umepungua kweli, mama, usikate tamaa. Ng'oa mnavu wote, uchome. Halafu ilaze tena mpaka kiangazi kingine."

Alipoondoka nililia. Kiangazi kimoja nilikuwa nimekimudu, kwa chai na kwa safari ya Mbulu na kwa ndama. Sasa mvua zinakuja, kila mwanamke anashika jembe, na yangu iendelee kulala? Hiyo si bustani tena. Niliwaza nipande tu, zife zikifa, angalau waone matuta. Kweli niliwaza hivyo, na nilishika jembe nikafika nalo mpaka nje.

Kisha nikalirudisha, nikaenda kwa mama mkwe. Nilikuwa nimechoka kukisia. Kama ni kuipoteza, niipoteze leo, nijue.

Alikuwa amekaa mlangoni kwake, ungo mapajani, anachambua maharage ya mbegu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Nikakaa. Nikamwambia habari za mnavu. Alinisikiliza, na nilipofika kwenye udugu wa mnavu na nyanya mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Na mimi nimeula," akasema.

"Sote tumeula, mama. Sasa inabidi ilale tena."

Akaacha kucheka. Nikaona ndiyo nafasi, nikasema yote kwa pamoja, bila kupumua. "Mama, kama unataka kumpa mwenzangu, niambie leo. Sitakasirika. Nitakasirika, lakini nitanyamaza."

Akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa uani.

"Ameshaniomba," akasema. "Mara mbili. Nimemwambia ina mwenyewe."

"Lakini jembe langu limetoka pale msimu mzima."

"Najua. Sijawa kipofu."

Akachambua tena. Nilifikiri mazungumzo yameisha, maana kwake mengi huishia hapo. Lakini aliendelea, akizungumza na ungo kuliko na mimi.

"Nyanya zilikuwa zinakufa hata wakati wangu," akasema. "Upande ule wa chini. Mche mmoja hapa, mmoja pale. Nilikuwa naamka kabla watu hawajapita, nang'oa uliolala, napanda mwingine palepale, pasionekane pengo. Miaka yote. Mama mkwe wangu alikuwa na wakwe wengi, na wote walikuwa wanaitaka. Nilipojifungua huyu mume wako, siku ya tatu nilimtuma dada yangu akashike jembe pale, asilime, asimame tu waone."

Nilimjua mama yule kama mtu asiyeogopa kitu.

"Kwa hiyo ulijua udongo unaumwa," nikasema.

"Nilijua umechoka. Nilikupa kitu kilichochoka, na nilijua. Wewe ulipokuja kusema unailaza, nikasema moyoni, nikifungua mdomo nitamwambukiza woga wangu. Nikanyamaza."

"Mimi nilidhani umekasirika."

"Nilikuwa naona wivu," akasema.

Alisema hivyo kama anavyosema maharage haya yana wadudu. Mimi nilihisi kitu kinashuka kutoka mabegani, kizito kuliko ndoo zote nilizobeba kutoka kile kijito, na nikaanza kucheka na kulia pamoja. Aliniacha nimalize. Kisha akasogeza ungo katikati yetu ili nami nichambue, maana hapendi mikono ikae bure.

"Mimi sikuwahi kuthubutu," akasema. "Ningeiacha wiki mbili, ingekwenda. Haikuwa yangu, nilikuwa nimeishikilia tu. Wewe umeiacha kiangazi kizima, watu wamepita, wamesema walivyosema, na bado ni yako. Na huyo mwenzako, ikishaamka, ukitaka kumpa tuta apande vitunguu, utampa wewe. Asije kwangu tena."

"Nikiilaza tena, mama, watasema sana."

"Waache waseme," akasema, akiendelea kuchagua maharage. "Ilaze. Nataka niione ikipumzika nikiwa bado hai."